Sifuri ya Wodi ya Tatu

Mtu akikwambia kufua mashuka ya hospitali ni kazi ya mikono tu, haihitaji kichwa, usibishane naye. Mpe gunia moja kutoka wodi ya tatu alichambue mbele yako. Mpe na glovu, usimwonee. Mara ya kwanza ataingiza mkono kwa mbwembwe. Mara ya pili, akishagusa kitu kigumu ndani ya shuka lililolowa, hizo mbwembwe zitamwisha zenyewe bila kuambiwa.

Mama Foronya alikuwa ameishi na hofu hiyo miaka kumi na sita. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye makaratasi ya ofisi. Kule kwenye jengo la kufulia aliitwa Mama Foronya kwa sababu wiki yake ya kwanza kazini alipoteza foronya arobaini, zikatafutwa hospitali nzima, na zilipopatikana alikuwa amezipiga pasi, amezikunja vizuri na kuzipanga kwenye kabati la chumba cha upasuaji, ambako hakuna anayelalia mto. Walimcheka mwaka mzima. Sasa yeye ndiye msimamizi na waliomcheka wako chini yake, ila jina ndiyo hivyo, halikubanduka.

Hofu yenyewe ni sindano. Nesi akishamchoma mgonjwa, sindano inatakiwa iingie kwenye kisanduku cha njano papo hapo. Lakini nesi ni mmoja na vitanda ni thelathini, huyu anatapika, yule anaita, na kisanduku kiko kule mlangoni. Basi anailaza pembeni ya godoro, mara moja tu, atarudi kuichukua. Harudi. Shuka linakunjwa, linatiwa guniani, linakuja kufulia na sindano yake tumboni.

Mwaka juzi mchambuaji mmoja, Mama Pacha, alichomwa. Akafuta kidole kwenye aproni, akaendelea na kazi kama mtu aliyejikwaa njiani na hataki kuonwa. Dawa za kukinga virusi vya UKIMWI zipo, na kila mfanyakazi huambiwa siku anayoajiriwa: ukichomwa, kimbia kliniki ya wafanyakazi, meza kidonge cha kwanza mapema uwezavyo, na zisipite saa sabini na mbili, maana zikipita dawa haikusaidii tena. Mama Pacha alikwenda baada ya wiki mbili. Leo yuko kwao, anameza vidonge vya maisha. Na nafasi yake pale mezani akapewa mdogo wa Mama Foronya.

Tena aliyemwombea nafasi hiyo ni Mama Foronya mwenyewe, na hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Alimlea huyu mdogo wake tangu mama yao alipofariki, binti akiwa na miaka tisa. Alimsuka, alimfokea, alimsomesha alipoweza, akamwoza. Sasa shemeji yake alikuwa kazini mbali, na mdogo mtu alikuwa akikaa kwake, chumba cha uani, na mtoto wa miezi saba anayenyonya. Kila asubuhi Mama Foronya alimwona akivaa glovu pale mezani, na kila asubuhi alimkumbuka Mama Pacha.

Ndipo alipokuja Metroni na duara lake. Metroni, yaani mkuu wa manesi, alikuwa ametoka kwenye mafunzo, na watu wakitoka mafunzoni unawajua, hawakai kimya. Aliwakusanya wasimamizi akawaambia wasitafute mabadiliko makubwa. Chukueni kitu kimoja kidogo, akasema. Pangeni, mjaribu mahali pamoja kwa siku chache, mtazame kilichotokea, mrekebishe, halafu mzunguke tena. Na kitu kiwe kimoja tu kila mzunguko. Ukitia chumvi na ndimu kwa pamoja, mchuzi ukiharibika utamlaumu nani?

Wengine walipiga miayo. Mama Foronya alirudi kufulia, akageuza kalenda ya mwaka uliopita, akaweka sahani juu yake, akachora duara kwa kuzungusha kalamu. Chini yake akachora jedwali. Wiki ile ya kwanza hakubadilisha chochote, alihesabu tu. Kutoka wodi ya tatu peke yake zilipatikana sindano nane. Aliiandika hiyo nane akaiangalia, na alijua ni nane zilizokuwa zikimsubiri mdogo wake.

Mzunguko wa kwanza, alimwomba nesi wa zamu ya mchana akiondoe kisanduku cha njano mlangoni, akifunge kwenye toroli la dawa, kimfuate anakokwenda. Zamu moja tu, wodi moja tu. Sindano zikawa tano. Mzunguko wa pili, aliwaomba manesi walikunjue kila shuka na kulitazama kabla ya kulitia guniani. Siku mbili tu wakamjia juu, kwamba kama anataka kuja kuuguza, aje. Hakununa. Alirekebisha: basi wakunjue yale ya vitanda vyenye dripu peke yake, ambavyo siku nyingi havizidi sita. Hapo wakakubali, na sindano zikawa tatu.

Nane, tano, tatu. Jamani, ukimwona mtu mzima anatembea na kalenda kwapani kama mwanafunzi aliyefaulu, ndiye huyo.

Lakini tatu bado ni tatu, na sindano moja inatosha kumwangamiza mtu. Haraka ikamwingia. Mzunguko wa tatu aliamua kila gunia lije na kikaratasi cha namba za vitanda, ili ajue sindano imetoka wapi. Hapo angeishia, angekuwa salama. Hakuishia. Alikesha akiwaza, na asubuhi akachora na safu nyingine pembeni ya jedwali: jina la aliyeikuta sindano. Alitaka tu kujua amuulize nani. Hakumweleza mtu sababu, aliona iko wazi kama mchana. Akalitundika jedwali ukutani, mbele ya meza, mahali ambapo kila anayepita kwenda kunywa chai analisoma.

Wiki hiyo sindano zikawa sifuri.

Jumatatu Metroni alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya kalenda na mikono kiunoni, akasema haijawahi kutokea. Ijumaa saa tatu asubuhi, akasema, Mama Foronya ataieleza hiyo sifuri mbele ya wakuu wote wa hospitali, na wiki inayofuata wodi zote kumi na moja zitafuata mtindo uleule, jedwali na safu zake zote. Wachambuaji watatu walipiga makofi. Mdogo wake alipiga kwa nguvu kuliko wote, akamwambia Metroni kwamba huyu dada yake tangu zamani ana akili, foronya zile ilikuwa bahati mbaya. Wakacheka.

Mama Foronya alicheka nao. Lakini ile sifuri haikumkalia vizuri. Kitu kilikuwa nane, kikashuka kwa kujikokota, halafu ghafla kikaisha kabisa? Alipokwenda kuulizia mvuke, alimdokezea Mzee Boila, fundi wa mitambo, mtu ambaye hajawahi kusifia kitu chochote isipokuwa kazi yake mwenyewe. Mzee Boila alikuwa akifuta kioo cha geji kwa kitambaa.

"Mshale wangu ukilala kwenye sifuri na moto unawaka, mimi sishangilii," alisema. "Naenda kutazama kama geji haijafa."

Mama Foronya alimwambia ana roho ya korosho, hawezi kuona mwenzake akifurahi. Mzee Boila akasema hata korosho ina faida zake, akaendelea kufuta. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia.

Jumatano mambo mengine yakaanza, ya nyumbani. Mama Foronya alirudi kutoka kazini jioni akamkuta mtoto analia kilio cha njaa, na mama yake anamnywesha uji kwa kikombe, nusu unaingia nusu unamwagika. Akauliza kulikoni. Mdogo wake akasema maziwa yamekauka. Yamekauka tangu lini? Tangu jana. Yakauke ghafla hivyo, mtu mwenye afya? Mdogo wake akasema sijui dada, yamekauka tu, na wala hakumtazama usoni. Mama Foronya akawaza labda shemeji yake kamuudhi kwenye simu, labda ana mimba nyingine anaona haya kusema. Aliwaza kila kitu, mtu huyu, isipokuwa kilichokuwa chini ya pua yake. Alhamisi mtoto alilia tena, na mdogo wake akaingia kazini macho yamevimba, amevaa glovu mbili mbili kila mkono. Akiulizwa, anasema baridi.

Ijumaa Mama Foronya aliamka mapema. Alivaa gauni lake la heshima, akafika kazini saa mbili kasoro. Mkutano ni saa tatu. Alikuwa na saa nzima ya kukaa na kujifariji, ila akili ilikuwa kwenye ile geji ya Mzee Boila. Metroni alisema pangeni, jaribuni, tazameni. Kupanga alipanga. Kujaribu alijaribu. Kutazama, je? Kwa wiki zote hizo alikuwa akitazama karatasi. Hakuwahi kusimama mezani.

Saa mbili na robo magunia ya wodi ya tatu yakaletwa. Akavaa aproni juu ya gauni, akavaa glovu nene, akasogea mezani. Wachambuaji wawili wakubwa wakaangaliana. Mmoja akamwambia aache, atajichafua, ana mkutano. Akasema anataka kujaribu gunia moja tu. Akafungua, akakunjua shuka la kwanza polepole, la pili, la tatu. Kwenye la nne, kitu kikang'aa. Sindano, bila kifuniko, imelala kwenye upindo.

 Mashine tu ndiyo iliyokuwa ikiunguruma. Akaishika sindano kwa koleo, akauliza, hii ndiyo ya kwanza kwa wiki mbili? Akauliza tena, taratibu, na yule mchambuaji mkubwa aliyemwambia aache akainamisha kichwa, akaelekeza kidevu kwenye rafu, nyuma ya ndoo ya sabuni. Mama Foronya akaivuta ndoo. Nyuma yake palikuwa na kopo la maziwa ya unga. Akalitikisa, likalia.

Basi yakatoka yote. Walipoona safu ya jina walijua kuna kitabu kinaandikwa. Anayekuta sindano nyingi ndiye ataonekana mkorofi, au mwenye kisirani, au mchongezi wa manesi. Nani anataka jina lake litundikwe ukutani pembeni ya sindano? Kwanza walificha moja, wakaona hakuna kilichoharibika. Halafu sifuri ikasifiwa, Metroni akapiga picha, na tangu hapo kutoa sindano hadharani ikawa sawa na kumvua dada yao nguo mbele za watu. Walimpenda, ndilo kosa lao. Walikuwa wamemlindia sifuri yake ndani ya kopo.

Mama Foronya aliwasikia kwa mbali, maana macho yake yalikuwa kwa mdogo wake. Mdogo wake alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, mikono ameikunja kifuani. Zile glovu mbili. Kile kikombe cha uji. Maziwa yaliyokauka jana yake, na jana yake ni Jumanne. Mama Foronya aliondoka mezani. Alimfuata, akamshika mkono wa kulia, akavua glovu ya kwanza, akavua ya pili. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa plasta.

"Lini?" aliuliza.

"Jumanne. Tulipokuwa tunatoka kwenda chai."

"Saa nne?"

"Saa nne, dada. Nilisema nitakwambia leo ukimaliza mkutano. Si wanasema ni siku tatu? Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Sikutaka kukuharibia."

Siku tatu. Maskini, alikuwa amehesabu siku. Dawa hazihesabu siku, zinahesabu saa, na saa sabini na mbili tangu Jumanne saa nne zilikuwa zinakwisha leo saa nne hii inayokuja, wakati mkutano ungekuwa bado haujafika hata kwenye maswali. Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro dakika ishirini.

Alitaka kumzaba kibao. Tusidanganyane, alitaka, kiganja kilimwasha. Badala yake alimshika mkono wakatoka, mmoja na gauni la heshima chini ya aproni yenye maji ya mashuka, mwingine analia bila sauti, na lile kopo bado liko kwapani kwa sababu alisahau kuliweka. Walipita uwanja wa nyuma, wakapita jikoni, wakapanda ngazi. Njiani alisema mara moja tu: "Ulikuwa unamnyima mtoto ziwa, na mimi ninalala chumba cha pili."

Kliniki ya wafanyakazi ilikuwa imefungwa. Mlangoni pamebandikwa karatasi kwamba watafungua saa tano, wahudumu wako kwenye mkutano wa ubora. Mkutano wa ubora! Ule ule, wa sifuri yake. Mama Foronya alicheka kicheko kibaya, akageuka, akamkokota mdogo wake hadi ukumbini, akasukuma mlango.

Walikuwa wamekaa wote, wakuu wa idara, na Metroni mbele. Ukutani kalenda yake ilikuwa imeshatundikwa. Wakaanza kupiga makofi, halafu wakaona aproni.

"Sifuri haipo," alisema Mama Foronya, akaweka kopo mezani. "Iko humu ndani. Na huyu amechomwa Jumanne saa nne. Nataka mwenye ufunguo wa kliniki, sasa hivi."

Sauti ilikuwa yake, ila yeye mwenyewe hakuitambua. Muuguzi wa kliniki, mwanamke mnene anayejulikana kwa kutembea polepole, aliinuka na kutoka mbio hata kiti kikaanguka. Alimpima, akamuuliza maswali, akamwandikia. Kwa mtoto akasema wamefanya vizuri kusimamisha kunyonyesha kwanza, wataelekezwa. Kidonge cha kwanza mdogo wake alikimeza saa tatu na dakika ishirini na mbili, kwa maji ya bomba, na mkono wa dada yake umeshikilia kikombe. Muuguzi alisema bado wako ndani ya muda, ila dakika hizo si za kujivunia. Vidonge ni vya siku ishirini na nane, na damu itapimwa tena na tena hadi miezi mitatu ipite, ndipo watajua. Hakuna anayeweza kuahidi.

Mama Foronya alirudi ukumbini peke yake. Walikuwa bado wamekaa, kopo halijaguswa. Aliomba kalamu. Akafungua kopo, akahesabu kwa koleo mbele yao wote, na zilikuwa tisa. Akaongeza ile moja ya asubuhi. Akafuta sifuri, akaandika kumi. Chini yake akaandika: aliyechomwa, mmoja. Kwenye safu ya jina, mahali pa jina la mdogo wake, akaandika lake mwenyewe, lile la kuzaliwa, na wengi mle ndani walikuwa wanalisoma kwa mara ya kwanza.

Aliwaeleza bila kujipamba. Nilibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, akasema, na mlinikataza. Vikaratasi vya vitanda sijui kama vinasaidia au havisaidii, kwa sababu safu ya jina imevifunika. Hiyo safu watu waliiogopa kuliko sindano. Mkuu mmoja akaanza kusema kwamba wafanyakazi waliodanganya wachukuliwe hatua, na Metroni akamkatiza, bila kuinua sauti, kwamba akifanya hivyo kopo litahamia mahali pengine, na safari hii hakuna atakayelipata. Halafu akamgeukia Mama Foronya akamuuliza anarekebisha nini.

"Safu ya jina inatoka," alisema. "Kitu kimoja. Na wodi nyingine zisubiri."

Jumatatu ilipofika, kalenda ilirudi ukutani kufulia, imekatwa kwa mkasi upande wa kulia. Mama Foronya aliwaeleza wachambuaji kila kitu safari hii, sababu na nia, mpaka mmoja akamwambia dada tumeelewa, sisi si mashuka. Kila mchambuaji akapewa koleo lake refu, jipya. Hapana, si hiyo wiki. Makoleo hayo yalikuwa kitu cha pili, na aliyafungia kabatini yasubiri zamu yao, ingawa vidole vilimwasha kuyagawa.

Mdogo wake alikuja. Aliambiwa apumzike, akakataa. Vidonge vilikuwa vinamtia kichefuchefu, uso umekuwa mwembamba, na nyumbani mtoto alikuwa bado anapigana na kikombe. Alisimama mahali pake, akavaa glovu moja moja. Mama Foronya alisimama karibu na kalenda, kalamu mkononi, anaogopa. Aliogopa asisikie kitu. Aliogopa pia asikie.

Gunia la kwanza likaisha kimya. La pili likafunguliwa. Mashuka yakakunjuliwa moja moja, na Mzee Boila, ambaye hakuwa na kazi yoyote pale, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake.

"Moja," alisema mdogo wake. Alisema kwa sauti iliyopita mashine, akainua sindano juu kwa lile koleo fupi la siku zote, kila mtu aione, akaiangusha kwenye kisanduku.

Mama Foronya akaandika moja.

"Umeandika, dada?"

"Nimeandika."

Upande wa pili wa meza, yule mchambuaji mkubwa, aliyekuwa na gunia wazi muda mrefu bila kutoa kitu, alikohoa kidogo. "Na huku," akasema. "Mbili."